Kidonda Kiponacho Bila Dawa

Wahenga walinena: "Mficha uchi hazai." Kwa kawaida twalitumia neno hilo kwa mtu aonaye haya kuomba msaada. Lakini liko jambo moja ambalo ndani yake methali hiyo huwa kweli neno kwa neno, nalo ni maradhi ya zinaa. Mwenye kuyaficha aweza kukosa uzazi kabisa. Au akachukua mimba, kisha akamzika mtoto ambaye hakupata hata kulia. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu leo kulieleza jambo hili kwa maneno ya heshima, lakini pasipo mafumbo, ili kila baba na mama, na kila kijana aliyefika umri wa kufahamu, ajue maradhi haya huenea kwa njia gani na afanye nini kujikinga.

Twaandika tukiwakumbuka hasa wasomaji wetu wa Pangani. Si ule mji wa kale ulioko mdomoni mwa mto mkoani Tanga, bali kata ya Pangani katika mji wa Kibaha, pamoja na jirani zao wa Kisarawe. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, nayo imekaa juu ya barabara kuu iendayo Morogoro kutoka Dar es Salaam. Malori hupita usiku na mchana. Watu huja kununua viwanja na kujenga. Vijana hutafuta kazi viwandani, na waume wengi huamka alfajiri kwenda Dar es Salaam, wengine wakakaa huko juma zima. Kusafiri si kosa, wala mgeni si mchafu kuliko mwenyeji. Ila mahali wakutanapo watu wengi wasiojuana, maradhi yapitayo kati ya mtu na mtu hupata njia nyingi zaidi. Kwa hiyo yatupasa nasi kuwa na ujuzi zaidi.

MARADHI YENYEWE

Kwanza tuseme neno juu ya jina. Tumezoea kusema "maradhi ya zinaa", na jina hilo lina lawama ndani yake. Lakini mke aliyekaa na mumewe mmoja maisha yake yote aweza kuyapata, na mtoto mchanga vilevile. Basi tunapolitumia jina hilo hapa, tusimhukumu mgonjwa yeyote. Kijidudu hakiulizi nani mwenye hatia.

Maradhi hayo yako mafungu mawili. Fungu la kwanza huponyeka kabisa kwa dawa: kaswende, kisonono, klamidia na trikomona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizo mapya milioni 374 ya maradhi hayo manne, yaani zaidi ya milioni moja kila siku. Fungu la pili husababishwa na virusi: virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B, malengelenge ya sehemu za siri, na virusi vya papiloma viletavyo saratani ya shingo ya kizazi. Mengi ya fungu hili hayaondoki mwilini kwa dawa, lakini yaweza kuzuiwa au kutulizwa.

Maradhi haya hupita kwa kujamiiana, iwe kwa njia ya kawaida, ya haja kubwa au ya mdomo. Kaswende na malengelenge hupita pia kwa kugusana na kidonda chenyewe. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini B hupita vilevile katika damu, kwa sindano au nyembe zitumiwazo na watu wengi. Tena mama aweza kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kuzaa, na kwa upande wa virusi vya UKIMWI, hata kwa kunyonyesha.

Wala hayapiti kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kuumwa na mbu, au kwa kurogwa. Tena, aonaye damu katika mkojo wake asijihukumu upesi kwamba ana kisonono. Yawezekana ni kichocho, ambacho hupatikana kwa kuingia katika maji ya madimbwi na mito yenye konokono wa maradhi hayo, nacho kina dawa yake mbali. Ni kipimo tu kitakachotofautisha.

HILA YA KASWENDE

Katika maradhi hayo yote tumechagua kulieleza moja kwa kirefu, kwa sababu atakayelifahamu hilo atayafahamu na mengine. Kaswende huletwa na kijidudu chembamba kilichosokoteka, ambacho Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walikitambua mjini Berlin mwaka 1905. Kiingiapo mwilini hakipigi hodi. Baada ya siku kama 21, pengine 10 tu, pengine hata 90, hutokea kidonda kimoja kigumu mahali kilipopenya. Kidonda hicho kwa kawaida hakiumi. Kwa mwanamke mara nyingi hukaa ndani, asikione kabisa. Kisha, baada ya majuma 3 hadi 6, kidonda hupona chenyewe, mtu awe amekunywa dawa au hakunywa.

Hapo ndipo penye mtego. Aliyekunywa mizizi husema mizizi imemponya. Aliyemeza vidonge viwili vya kuazima kwa rafiki husema vidonge ni vizuri. Aliyepaka marhamu husifu marhamu. Asiyefanya lolote husema lilikuwa jipu tu. Wote wanne wamedanganyika namna moja: kidonda kimekwenda, lakini vijidudu vimekwisha kuingia katika damu. Na kila mmoja wao sasa humshauri jirani yake kwa moyo safi atumie dawa ileile, na hivyo uongo husafiri pamoja na ugonjwa.

Baada ya majuma au miezi michache huenda vikatokea vipele mwilini, hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu, pamoja na homa na kuvimba kwa tezi. Navyo hutoweka vyenyewe. Kisha maradhi hukaa kimya miaka mingi. Kwa baadhi ya watu wasiotibiwa, baada ya miaka 10, 20 au hata 30, hushika moyo, mishipa mikubwa ya damu au ubongo. Mtu akapooza, akapofuka au akaharibika akili, wala asikumbuke kabisa kile kidonda kidogo cha ujana wake.

Mtu asijidai kwamba aweza kuyatambua maradhi haya kwa macho. Historia ya Afrika Mashariki yatufunza. Mwanzoni mwa karne ya 20 waganga wa Kiingereza walieneza hofu kubwa kwamba kaswende yaimaliza Buganda, na Hospitali ya Mulago mjini Kampala ilianzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya kutibu maradhi ya zinaa. Waliochunguza habari hizo baadaye waliona kwamba huenda wengi wa wagonjwa wale walikuwa na buba au maradhi mengine ya jamaa hiyo, ambayo watoto huambukizana kwa kugusana ngozi tu, na ambayo kijidudu chake ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende. Ikiwa macho ya waganga wenyewe yaweza kukosea, sembuse ya kwetu? Damu hupimwa, haikisiwi.

Na tiba ipo. Zamani wagonjwa walipewa zebaki, na tangu mwaka 1910 wakapewa dawa yenye arseniki ndani yake; zote mbili zilikuwa na madhara makubwa. Mwaka 1943 Dakta John Mahoney wa Marekani alionyesha kwamba penisilini huponya kaswende. Tangu hapo miaka zaidi ya 80 imepita, na kijidudu hicho hakijaweza kuishinda penisilini. Kwa maradhi yaliyo mapya, sindano ya mara moja hutosha. Kwa yaliyokaa muda mrefu, au yasiyojulikana yalianza lini, hutolewa kwa majuma matatu mfululizo. Lakini dawa haimkingi mtu asiambukizwe tena. Aliyepona leo, akirudi kwa mwenziwe asiyetibiwa, aweza kuipata upya kesho.

MAMA NA MTOTO

Sasa tutazame linaloumiza zaidi. Kijidudu cha kaswende huvuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni. Uchunguzi uliofanywa Mwanza, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba katika wanawake waliofika kujifungua bila kupimwa wala kutibiwa, nao wakawa na kaswende iliyo kali katika damu, robo yao walizaa mtoto aliyekufa. Uchunguzi huo ulikadiria kwamba, katika wanawake wale wasiopimwa, nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu walikufa kwa sababu ya kaswende. Fikiri, ndugu msomaji, ni mara ngapi katika vijiji vyetu mama wa namna hiyo ameambiwa kwamba amerogwa, au kwamba amekiuka mwiko fulani.

Lakini uchunguzi uleule ulileta habari njema. Wanawake waliopimwa wakati wa mimba, wakaonekana na kaswende, wakapigwa sindano moja tu ya penisilini, hawakuwa na hatari zaidi ya wanawake wasio na ugonjwa. Tofauti kati ya kaburi dogo na mtoto mzima ilikuwa sindano moja, tena isiyo ya gharama kubwa.

Kwa hiyo mwanamke ajionapo kuwa mja mzito asingoje tumbo lionekane. Na aende kliniki mapema iwezekanavyo katika miezi mitatu ya kwanza, maana tiba hufaa zaidi ikitolewa mapema, na ikicheleweshwa hadi siku za mwisho huenda isimwokoe mtoto. Siku hizi kipo kipimo cha tone la damu kipimacho kaswende na virusi vya UKIMWI kwa pamoja, na majibu hupatikana kwa muda wa kama dakika 20. Na mume aende pamoja naye. Kumtuma mke peke yake, kisha kumwuliza kwa ukali "umeyatoa wapi?", ni dhuluma; maana aliyepimwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeyaleta nyumbani.

UTASA NA LAWAMA

Kisonono na klamidia nazo zina ukimya wao. Mwanamume mwenye kisonono kwa kawaida huona usaha na maumivu wakati wa kukojoa baada ya siku chache. Mwanamke mara nyingi haoni kitu. Klamidia huwa kimya zaidi, kwa wanawake na kwa wanaume wengi pia. Hata hivyo vijidudu hupanda polepole mpaka katika mirija ya uzazi, vikaiacha na makovu. Mirija ikiziba, mbegu haipiti. Ikiziba nusu, mimba yaweza kutunga nje ya mji wa mimba na kumwua mama kwa kutokwa damu ndani. Mwanamume naye aweza kuzibwa njia ya mbegu. Tena mtoto azaliwapo akipita mahali penye kisonono, macho yake yaweza kupofuka, na ndiyo sababu wakunga hutia dawa katika macho ya mtoto mara azaliwapo.

Basi wangapi wameachwa na waume zao kwa kosa la kutozaa, na hali ugonjwa uliowafunga uzazi uliletwa na mume yule yule? Kabla ya kumfukuza mke au kuoa mwingine, mume na apimwe. Hilo ni jambo la haki.

Jambo la pili la kuangalia ni dawa za kujinunulia. Hapo zamani kisonono kiliponywa kwa penisilini. Mwaka 1976 kilionekana kisonono kiwezacho kuiharibu penisilini, na tangu hapo kimezishinda dawa nyingine nyingi. Kila anayekwenda duka la dawa kununua nusu ya kipimo, akaacha kumeza mara usaha ukatikapo, huwafundisha vijidudu mbinu ya kuishinda dawa.

MLANGO WA UKIMWI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana mkoani Kagera mwaka 1983. Haikuchukua muda mrefu waganga wakatambua kwamba mwenye kidonda au uvimbe katika sehemu za siri huambukizwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ngozi iliyochubuka ni mlango ulio wazi. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994 jambo hilo lilijaribiwa katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza. Katika sita, vituo vya afya na zahanati vilipewa mafunzo na dawa za kutibu maradhi ya zinaa vizuri; sita nyingine zilingoja kwanza. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kiasi cha sehemu 40 katika kila 100 mahali palipotolewa tiba hiyo. Baadaye, mwaka 1999, jaribio la Rakai nchini Uganda, ambako watu wote walipewa dawa nyumbani kila baada ya miezi 10, halikuonyesha upungufu wa namna hiyo. Kwa hiyo hatusemi kwamba kutibu maradhi ya zinaa peke yake kutamaliza UKIMWI. Twasema kwamba zahanati ya kijijini, yenye mhudumu aliyefundishwa na dawa rafuni, ni ngome kuliko watu wengi wanavyodhani.

NJIA ZA KUJIKINGA

Kwanza ni kujizuia kabla ya ndoa na uaminifu ndani ya ndoa. Lakini uaminifu wa mmoja hautoshi. Nyumba yenye milango miwili hailindwi kwa kufunga mmoja. Yapasa wote wawili wawe waaminifu, tena wawe wamepimwa, maana ugonjwa wa zamani haufutwi na arusi.

Pili, kupima. Wachumba waliokwisha kuandikisha ndoa yao wana majuma kadhaa mbele yao. Na watumie siku hizo kupimwa pamoja, kaswende, virusi vya UKIMWI na homa ya ini B. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2019, kijana aliyefika miaka 15 aweza kupimwa virusi vya UKIMWI kwa hiari yake mwenyewe.

Tatu, kutibiwa wote wawili kwa wakati mmoja. Kumtibu mmoja na kumwacha mwenziwe ni kuchota maji kwa pakacha. Nao wajizuie wasikutane mpaka siku 7 zipite baada ya wote kumaliza dawa na dalili kuondoka; na wenye vidonda wangoje hadi vipone kabisa.

Nne, kuhusu kondomu. Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili wasomaji wetu wanayajua. Lakini si halali kutetea mafundisho yoyote kwa uongo, wala kusema kwamba kondomu zina matundu yapitishayo virusi. Elimu ya tiba yasema wazi kwamba zikitumiwa sawasawa, kila mara, hupunguza sana hatari ya virusi vya UKIMWI, kisonono na klamidia. Kwa kaswende na malengelenge kinga yake ni ya kiasi, kwa kuwa kidonda chaweza kuwa mahali zisipofunika.

Tano, chanjo. Tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania huchanjwa kukinga saratani ya shingo ya kizazi, na mwaka 2024 mpango huo ulipanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Wazazi wasisikilize uvumi kwamba chanjo hiyo hufunga uzazi. Kinachoweza kuufunga na kuua ni saratani yenyewe.

Sita, mwenye virusi vya UKIMWI na ameze dawa zake kila siku. Virusi vikipungua damuni hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Na aliyebakwa, au aliyekutwa na hatari nyingine, na aende hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi visijenge makao. Tohara nayo, kama majaribio ya Kisumu na Rakai yaliyotangazwa mwaka 2007 yalivyoonyesha, hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha sehemu 60 katika 100. Lakini huku Pwani, ambako wanaume walio wengi wametahiriwa, asiwepo wa kudhani kwamba tohara ni ngao ya kila kitu.

NENO KWA WAZEE NA WAHUDUMU

Wazaramo na jirani zao wamekuwa na jando na unyago tangu zamani, na kungwi humfunda mwali mambo ya mwili bila kuona haya, kwa kuwa ni kazi yake. Basi mahali pa mafundisho pamekwisha kuwapo. Kungwi na aongeze katika mafunzo yake habari ya kidonda kisichouma, na baba na amwambie mwanawe hayo hayo kabla hajajifunza kwa wenzake kituo cha mabasi.

Nanyi wahudumu wa zahanati, kumbukeni kwamba mgonjwa aliyefika mlangoni penu ameshinda vita kubwa ya aibu. Neno moja la dhihaka, au siri moja iliyovuja mpaka kisimani, litawarudisha nyumbani wengine kumi waliokuwa njiani.

Wahenga walituachia na methali nyingine: "Mficha maradhi kilio humfichua." Basi, ndugu msomaji, ikiwa uliwahi kuona kidonda mahali pa siri, nawe ukashukuru kwamba kimepona bila dawa, usitulie. Juma hili hili mwambie mwenzi wako, mkapimwe pamoja katika zahanati iliyo karibu nanyi, au katika Hospitali ya Rufaa ya Tumbi hapo Kibaha. Ikiwa damu ni safi, mtarudi na amani. Ikiwa si safi, sindano ipo.